Wasomaji Wanauliza: Kutoka Uwanda wa Makonde Hadi Vibanda vya Kilimanjaro

Barua tulizozipokea safari hii kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zimehusu zaidi safari za kupanda milima mirefu, hasa Kilimanjaro, kwa kulala katika vibanda vya hifadhi badala ya mahema. Tumechagua sita, tukafupisha baadhi, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Siku tano au siku sita?

*Ndugu Mhariri, sisi ni walimu saba wenye kikundi cha kuweka na kukopa. Tumekubaliana kuwa gawio la mwakani tulitumie kupanda Mlima Kilimanjaro, na tunataka njia yenye nyumba za kulala kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kulala hemani. Tumepewa bei mbili, ya siku tano na ya siku sita, na wengi wanaitaka ya siku tano kwa sababu ni nafuu. Wapo wanaosema twende Desemba kwa ajili ya sherehe za Uhuru, na wapo wanaosema Juni wakati wa likizo. Tushauri. — Mwalimu, Newala.*

Mwalimu, kwa kuwa mmeshaamua kulala ndani, suala la njia limekwisha. Mlima una njia kadhaa za kupandia, lakini ni ya Marangu pekee yenye vibanda. Nyingine zote, pamoja na Machame ambayo husifiwa sana kwa mandhari yake, ni za mahema. Kinachobaki ni hesabu ya siku, na hapo ndipo ninapoomba kikundi chenu kinisikilize kabla hakijapiga kura.

Safari huanzia langoni Marangu, kwenye mwinuko wa mita 1,870 hivi. Uwanda wa Makonde mnaoishi, hata kwenye kingo zake za juu kabisa, haufiki mita 1,000, maana yake ni kwamba mtakapokuwa mnasaini daftari la wageni, kabla hamjapiga hatua hata moja, tayari mtakuwa juu takriban maradufu ya sehemu yoyote mliyozoea. Siku ya kwanza mnatembea saa tatu au nne ndani ya msitu wa mvua, wenye mbega na miti iliyovikwa kuvumwani inayoning'inia kama ndevu, hadi Mandara, mita 2,720. Siku ya pili miti inaisha, mnatokea kwenye vichaka na majani, na baada ya kilomita 11 hivi mnafika Horombo, mita 3,720. Kutoka Horombo mnavuka uwanda mkavu wa mawe ulio kati ya kilele cha Mawenzi na kile cha Kibo, mahali ambapo mnaiona njia mbele yenu kwa saa nzima na bado haiishi, hadi kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720. Huko hakuna maji. Yanayopikiwa na kunywewa hubebwa na wapagazi kutoka chini.

Usiku huohuo, karibu saa sita, mnaamshwa kwa chai na biskuti na kuanza kupanda gizani kwa tochi za kichwani, mkizunguka kushoto na kulia juu ya changarawe na majivu ya volkano yanayoteleza, mkapita Pango la Hans Meyer, hadi Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685. Wenye nguvu iliyobaki wanaufuata ukingo kupitia Stella Point hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kisha, na hili husahauliwa na wengi wanapopanga, siku hiyohiyo mnashuka hadi Kibo, mnapumzika kidogo, na kuendelea mpaka Horombo. Kwa jumla ni mwendo wa saa kumi na mbili hadi kumi na tano, na mwisho wake hakuna anayeuliza chakula cha jioni ni nini.

Tofauti ya siku tano na sita ni siku moja tu ya kukaa Horombo. Siku hiyo watu hutembea hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, yenye michirizi myeusi na myeupe, wanafika kwenye mwinuko wa mita 4,000 hivi, kisha wanarudi kulala chini. Kwa macho ya mweka hazina inaonekana kama siku ya kukaa bure. Lakini kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na njia ya Marangu hupandisha mita 1,000 kila mara. Kwa hiyo hata ya siku sita bado ni ya haraka. Ya siku tano, kwa watu wanaotoka ukanda wa pwani, ni kucheza bahati nasibu kwa fedha za kikundi. Hewa ya juu ina asilimia ileile ya oksijeni kama ya Mtwara, ila msukumo wake umepungua, na kileleni kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni mnayoipata nyumbani. Mwili hulizoea jambo hilo kwa muda tu. Kupanda na kushuka mteremko wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma kila Jumamosi kutawapa miguu na mapafu mazuri, nami nawahimiza mfanye hivyo kwa miezi mitatu, lakini hakutawapa hata chembe ya mazoea ya mwinuko. Kijana mwepesi wa mbio huugua sawasawa na mzee mnene, na mara nyingi huanza yeye, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kasi.

Kama fedha hazitoshi, punguzeni kwingine. Nendeni kwa basi badala ya ndege, kodini nguo za baridi badala ya kununua, na ziacheni sare za kikundi zenye maandishi mgongoni, ambazo najua tayari mmeshazijadili. Kama bado hazitoshi, fikirieni Mlima Meru ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Nao una vibanda, Miriakamba kwenye mita 2,514 na kingine kwenye mita 3,570 hivi, na kilele chake kina mita 4,566. Hupandwa kwa siku tatu au nne mkisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Kwa maoni yangu Meru ya siku nne inampa mpandaji raha kubwa kuliko Kilimanjaro ya siku tano, ingawa ukingo wake wa juu ni mwembamba na haumfai mwenye kizunguzungu.

Kuhusu wakati, msiupime mlima kwa mvua za Kusini. Kwenu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kilimanjaro ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba, na miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Naelewa mvuto wa Desemba. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na Mwenge pale juu, na kila mwaka huandaliwa safari za Watanzania kuadhimisha siku hiyo, zenye bei za pamoja na shangwe nyingi. Mkienda na msafara huo mtapata wenzenu wengi, lakini tarajieni njia yenye matope, mawingu yanayofunga mandhari, na theluji inayoweza kuwanyeshea usiku wa mwisho. Mwisho wa Juni ni baridi zaidi lakini ni kukavu. Kikwazo najua ni mikorosho, kwa kuwa ndio wakati wa kuipulizia salfa ya kuzuia ukungu. Hilo mpange na wale wanaobaki nyumbani.

La mwisho ni fedha zenyewe. Nyingi kati ya hizo nadhani zitatoka kwenye minada ya korosho ya Oktoba hadi Desemba, na safari ni Juni, yaani lazima zikae miezi sita katika nyumba zenye ada za shule za Januari na misiba isiyopigiwa hodi. Lipeni sehemu ya malipo mapema, Desemba yenyewe. Pia kila mmoja awe na kitambulisho cha NIDA au pasipoti, kwa kuwa ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana kuliko za wageni wengine, na asiye na uthibitisho anaweza kutozwa kama mgeni.

Mtoto wa nyumba yenye selimundu

*Shikamoo Mhariri. Kijana wangu anayesoma chuo anataka kupanda mlima na wenzake. Mdogo wake ana ugonjwa wa selimundu na tumeuguza sana. Huyu mkubwa hajawahi kuugua wala kupimwa. Je, nimruhusu? — Mama, Nachingwea.*

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Swali lako ni zito kuliko yote tuliyoyapata, na laiti wazazi wengi zaidi wangeliuliza.

Mtoto mwenye selimundu amerithi chembechembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa mama na kutoka kwa baba. Maana yake, ninyi wawili mnaibeba, hata kama hamjawahi kuugua. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ugonjwa wenyewe, mbili kati ya nne za kuwa mbebaji kama ninyi, na moja kati ya nne ya kutorithi chochote. Kwa kuwa kijana wako amefikia umri huo bila kuugua, inaelekea hana ugonjwa, lakini uwezekano wa kuwa mbebaji ni mkubwa: ni mbili kati ya tatu. Hilo si jambo la kukisia wakati lipo kwenye damu na linapimika. Nendeni hospitali ya mkoa mkaulize kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka kinachoonyesha tu kwamba seli zinajikunja hakitofautishi vizuri mbebaji na mgonjwa.

Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Upungufu wa oksijeni, baridi na ukosefu wa maji ndivyo vinavyozifanya seli zijikunje, na mlimani vyote vitatu hukutana mahali pamoja, mbali na hospitali. Mbebaji ana hali tofauti: wengi hupanda wasione tatizo lolote, lakini imeripotiwa kwamba baadhi yao, wakiwa kwenye mwinuko mkubwa, bandama hukosa damu na kuumia ghafla. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, wakati mwingine pamoja na kutapika. Akipata hayo asisubiri asubuhi wala asipewe dawa ya tumbo. Anashushwa saa hiyohiyo. Kwa hiyo majibu yakionyesha ni mbebaji, azungumze na daktari kabla ya kulipa chochote, amweleze mwongozaji wake waziwazi, anywe maji mengi, na asishindane na mtu.

Kwa kuwa umenifungulia mlango wa afya, niyaseme na mengine yanayowahusu wasomaji wote wa Kusini. Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mwenye hayo anabaki alipo mpaka apate nafuu, na akizidi anashuka. Mtu anayepepesuka kama mlevi, anayeongea yasiyoeleweka, anayehema hata akiwa amekaa, au anayekohoa makohozi yenye povu, huyo yuko katika hatari ya kufa, na tiba yake ya kwanza ni kushuka, usiku au mchana. Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea, asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox, ambayo huanzwa kwa kawaida siku moja kabla ya kupanda. Huongeza haja ndogo na kusababisha ganzi kwenye vidole. Iko katika ukoo wa dawa za salfa, hivyo aliyewahi kubabuka ngozi au kuvimba kwa SP au Septrin amwambie daktari kabla hajaandikiwa.

Nyingine ni malaria. Anayetoka Nachingwea au Mtwara anaweza kupanda basi akiwa mzima na vimelea vikiwa tayari mwilini, homa ikaja kumkuta Horombo, ambako kila mwenye kichwa kinachouma huambiwa ni mwinuko. Mwinuko peke yake mara chache huleta homa kali. Pimeni siku ya kuondoka, na aliyepata homa mlimani ashuke akapimwe tena.

Wabeba korosho na wapagazi

*Mhariri, sisi ni vijana wanne wa Masasi. Tumezoea kubeba magunia ya korosho ghalani, kilo themanini mgongoni si habari kwetu. Kwenye bei tuliyopewa kuna wapagazi, mpishi na waongozaji wawili. Kwa nini tulipie watu watubebee begi? Hatuwezi kwenda wenyewe? — Vijana, Masasi.*

Wadogo zangu, bila mwongozaji mwenye leseni hamtapita langoni. Hiyo ni kanuni ya hifadhi na haina mjadala. Hata wale Wazungu wawili wanaoandikwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, mwezi Oktoba 1889, hawakwenda peke yao. Waliongozwa na watu wa Marangu, na Yohani Kinyala Lauwo hukumbukwa kama mmoja wa waliowaonyesha njia.

Ama wapagazi, nguvu yenu siibishii. Lakini kubeba gunia kutoka kwenye lori hadi ghalani ni kazi ya dakika, kwenye hewa nzito ya Masasi. Mlimani mzigo si begi lenu tu: ni chakula cha watu wote kwa siku sita, gesi, sufuria, vyombo na, kwa usiku wa Kibo, maji. Kila kilo unayobeba inakulazimisha uheme zaidi, na anayehema sana ndiye anayechoka kabla ya usiku ule ambao safari nzima ilikuwa kwa ajili yake. Begi dogo lenye maji, koti la mvua na kitu cha kutafuna linatosha kuwa mzigo wenu.

Badala ya kuuliza kwa nini muwalipe, ulizeni wanalipwa vipi. Mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na hupimwa kwa mizani langoni. Simameni pale mtazame. Ulizeni ofisini mshahara wao wa siku ni kiasi gani, wanakula mara ngapi, na wanalala wapi. Kampuni inayojibu maswali hayo bila kukunja uso kwa kawaida ndiyo inayowahudumia vizuri na wateja wake pia. Upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ambao una orodha ya kampuni zinazokubali kukaguliwa namna zinavyowatendea wafanyakazi wake. Kuanzia hapo ni busara. Bei inayoshuka chini kuliko zote haikushuka kwa muujiza: kuna mgumu, kama wapagazi wanavyojiita, anayepanda na raba zilizotoboka ili ninyi mpate punguzo.

Bakshishi mjadiliane mapema, ninyi kwa ninyi, iwekwe kwenye bahasha kabla hamjapanda. Siku ya kushuka, itangazeni mbele ya kundi zima, kila cheo na fungu lake, ili isiishie mfukoni mwa mmoja.

Sitara na sala

*Assalamu alaikum. Ninatoka Mikindani, ni mwanamke ninayevaa hijabu, na nitasafiri na dada zangu wawili na shoga yetu. Nauliza kuhusu kulala, kuswali na chakula. — Dada, Mikindani.*

Waalaikumu salaam, dada. Mandara na Horombo vibanda ni vidogo, vya mbao, vyenye paa lililoinama hadi karibu na ardhi, na vyumba vyake huchukua watu wachache. Mkiwa wanne mnaweza kuomba chumba kimoja, na ombi hilo lifanyike wakati wa kuweka nafasi, si jioni mkiwa mmechoka. Kibo ni tofauti: ni jengo la mawe lenye mabweni ya watu wengi, na wanaume na wanawake huweza kuchanganywa. Mnalala hapo saa chache tu na nguo zote mwilini, kwa hiyo sitara si shida kubwa, ila msihesabu kuwa na faragha.

Hijabu haina tatizo lolote na inasaidia shingo isipigwe na upepo. Chagueni ya kitambaa chembamba kinachobana kichwa, ili kofia ya sufu na kofia ya koti viingie juu yake. Mtandio mrefu unaopepea unanasa kwenye mikanda ya begi.

Kibla kutoka mlimani ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, karibu sawa na mlivyozoea Mikindani. Kupunguza na kukusanya sala kwa msafiri, na kutayamamu pale maji yanapoganda au yanapokuwa ya kunywa tu, yana hukumu zake, na sheikh wa msikiti wenu atawaeleza vizuri kuliko gazeti. Mwambieni mwongozaji nyakati zenu siku ya kwanza, apange mapumziko kuzifuata. Ramadhani iwe nje ya mpango, kwa kuwa bila maji mchana kutwa, mwinuko unawapata upesi.

Chakula ni kingi kuliko watu wanavyodhani: uji asubuhi, supu kila jioni, wali, viazi, tambi, mboga, na saa kumi bisi za moto na chai. Wapishi wengi huacha nyama baada ya siku mbili za kwanza. Ulizeni mapema imechinjwa na nani, au waambieni wawapikie mayai, maharage na dagaa, ambao mnaweza kwenda nao wenu kutoka nyumbani. Siku ya Kibo hamu ya kula hupotea, na hapo ndipo kitu mnachokipenda tangu utotoni kinapokuwa na kazi.

Mstaafu na viatu

*Mimi ni mstaafu wa miaka 64, Lindi mjini. Nina afya. Nipande? Na viatu vya mtumba vinafaa? — Babu wa wajukuu.*

Shikamoo, mzee wangu. Umri hauzuii, ila pima moyo, shinikizo la damu na sukari kwanza, na kama unatumia dawa za kila siku zipeleke zote ukiwa na za akiba. Magoti yatateseka kushuka kuliko kupanda. Fimbo mbili za kutembelea zitakusaidia mno, na zinakodishwa.

Kwa nguo, mtumba ni rafiki yako. Sweta za manyoya laini na suruali zisizoshika maji zinapatikana vizuri hata soko la Memorial, Moshi, kwa bei ya kupatana. Epuka fulana za pamba mwilini, kwa sababu zikilowa jasho hazikauki na baridi huingia. Viatu ni jambo jingine. Buti la mtumba linaweza kuonekana zima, lakini soli iliyokaa miaka stoo gundi yake huoza bila kuonekana. Likunje, uibonyeze soli kwa kidole gumba pale inapokutana na ngozi. Ikitoa unga au ufa, liache. Ukipata zuri, livae mwezi mzima ukipanda vilima vilivyo nyuma ya mji, ukiwa na soksi zilezile utakazopandia.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, nunua ya kudumu. Usiku wa kileleni ibebe kichwa chini, maana maji huanza kuganda kutoka juu, nawe utataka mdomo wa chupa ubaki wazi. Simu ilale nawe ndani ya begi la kulalia, la sivyo chaji itaisha kwa baridi kabla hujapiga picha ya kuwaonyesha wajukuu.

Dalali wa simu

*Mhariri, nimepata mtu kwenye WhatsApp anayesema ni wakala wa kupandisha mlima. Anataka nusu ya fedha kwa namba yake ya simu ili “ashike vitanda” vya Julai. Mwaka jana rafiki yangu alilipa mtu wa namna hiyo, akafika Moshi akaambiwa vibanda vimejaa, akarudi Kilwa. Nitamjuaje mkweli? — Msomaji, Kilwa Masoko.*

Pole kwa rafiki yako. Biashara ya kupandisha watu mlimani inahitaji leseni ya utalii, inayojulikana kama TALA. Mwombe picha ya leseni ya mwaka huu na jina la kampuni lililomo, kisha malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina hilohilo. Namba ya simu ya mtu binafsi si akaunti ya kampuni, hata mwenyewe awe mcheshi kiasi gani. Una ndugu au mtu unayemfahamu Moshi? Mtume akaione ofisi kwa macho kabla hujatuma shilingi.

Safari yako kutoka Kilwa ipange kwa nafasi. Mabasi ya Kusini mara nyingi huishia Dar es Salaam upande wa Mbagala na Temeke, ilhali ya Moshi huondokea kituo cha Magufuli kilichoko Mbezi, na kuvuka jiji na mizigo kunaweza kula nusu siku. Fika Moshi siku nzima kabla ya kupanda, na tiketi ya kurudi usiikate ya kesho yake alfajiri.

Kisha omba mpango wa safari kwa maandishi, wenye jina la kila kibanda na tarehe yake, na uusome kabla ya kulipa. Katika safari ya siku sita jina la Horombo lazima litokee mara tatu, mara mbili mnapopanda na mara moja mnaposhuka. Likitokea mara mbili tu, umeuziwa siku tano.